Chupa ya mofini nyumbani: saa, kipimo na pumzi

Ukizunguka nyumba zenye wagonjwa wa saratani, iwe Kibosho, Himo au Sakina, hutakosa kuiona chupa ya mofini, dawa ya maumivu makali, juu ya kabati, imejaa vilevile ilivyotoka hospitali, huku mgonjwa chumba cha pili anaugulia usiku kucha. Daktari ameandika, watu wamechanga nauli kwenda kuifuata, na bado haijafunguliwa. Shangazi amesema hiyo ni ndugu moja na unga wa mateja, na mtu akishaanza nayo ndiyo basi tena.

La undugu shangazi yuko sawa. Hilo la "ndiyo basi tena" ndilo linalotesa watu bure, na jibu lake liko kwenye vipimo na saa.

Mofini hutoka kwenye afyuni, utomvu wa tunda bichi la mpopi. Mfamasia wa Kijerumani, Friedrich Sertürner, aliitenga humo mwanzoni mwa karne ya 19. Heroini, ule unga wa mateja, ni mofini hiyohiyo iliyobadilishwa kidogo ili ipenye ubongo haraka zaidi. Kampuni ya Bayer ilianza kuiuza mwaka 1898, tena kama dawa ya kikohozi. Kodeini nayo imo kwenye afyuni. Tramadoli, pethidini, fentanili na methadoni hutengenezwa kiwandani bila mpopi, lakini zote zinakwenda kushika vipokezi vilevile (sehemu za seli ambazo dawa hujishika ndipo ifanye kazi) kwenye ubongo, uti wa mgongo na utumbo. Bangi na mirungi hazimo. Sheria ya Tanzania ya mwaka 2015 inaziweka zote kapu moja la dawa za kulevya, na gari likikamatwa nazo njia ya Namanga kesi ni ya dawa za kulevya, ila mwilini kila moja ina kazi yake: mirungi inamkesha mtu, mofini inamlaza. Hata dawa ya kumwokoa aliyezidiwa na heroini haifanyi lolote kwa aliyevuta bangi.

Kipokezi kikishikwa, mambo mengi hutokea kwa pamoja. Maumivu yanapungua, usingizi unakuja, tumbo linachafuka, mboni za macho zinakuwa nukta, utumbo unalala, na ile sehemu ya shina la ubongo inayoamuru pumzi inapunguza mwendo. Hilo la mwisho ndilo linaloua. Mwili huzoea dawa hizi, lakini hauzoei kila kitu kwa kasi moja. Usingizi mzito hupungua ndani ya siku mbili hadi tano. Kichefuchefu huisha kwa wiki hivi. Pumzi nayo huzoea mapema, mradi dozi inapanda kidogokidogo. Utumbo hauzoei kamwe, na macho karibu hayazoei. Ndiyo maana mgonjwa anayetumia mg 200 za mofini kwa siku anaweza kukaa sebuleni akapiga soga na wageni, na kijana aliyeionja tu chupa yake akakutwa amekufa asubuhi. Kila unapokutana na dozi ya dawa hizi, swali la kwanza ni moja: mwili huu, mpaka jana, ulikuwa umezoea kiasi gani?

Mofini ya maji inayotumika Afrika Mashariki ni kitu rahisi mno. Ni unga wa mofini, maji safi, kihifadhi ili isiote ukungu, na mara nyingi rangi kidogo. Dkt. Anne Merriman, aliyeanzisha Hospice Africa Uganda mwaka 1993, ndiye aliyeisukuma sana njia hii ya kuichanganya humuhumu kwetu, na ndiyo sababu bei yake si ya kutisha. Huku kaskazini mwa Tanzania wagonjwa wengi huipata kupitia timu za tiba shufaa, yaani tiba ya kupunguza maumivu na mateso ya ugonjwa mzito: Moshi wanakwenda hospitali ya KCMC, Arusha wanaijua zaidi hospitali ya Selian, ambako wahudumu wamekuwa wakiwafuata wagonjwa majumbani kwa miaka mingi. Kwa ukanda huu wenye saratani nyingi ya umio, dawa ya maji inafaa kuliko vidonge, maana mtu ambaye hata uji mzito unakwama bado anaweza kupitisha mililita tano.

Mtu mzima ambaye hajawahi kutumia dawa za jamii hii kwa kawaida huanzishiwa mg 5 kila baada ya saa 4. Mzee sana, aliyekonda sana au mwenye figo dhaifu huanza na mg 2.5. Mofini ya maji inaanza kufanya kazi dakika 20 hadi 30 baada ya kumezwa, inafika kileleni kwenye saa moja hivi, na saa 4 zikipita imekwisha. Ndiyo maana inatolewa kwa saa, maumivu yawepo yasiwepo. Ukingoja mgonjwa alie ndipo utafute kijiko, utakimbizana na maumivu kutwa nzima na hutayapata, na mgonjwa ataishia kutumia dawa nyingi kuliko ambayo ingemtosha.

Ratiba inayokaa vizuri nyumbani ni saa 12 asubuhi, saa 4 asubuhi, saa 8 mchana, saa 12 jioni na saa 4 usiku. Ile ya saa 4 usiku huwa mara mbili, yaani mg 10 kwa anayetumia 5, ili mgonjwa na anayemuuguza walale mpaka alfajiri bila kuamshana saa 8 usiku. Hapa pana mtego ambao hospitali nyingi haziuoni. Kadi inaandikwa 10:00, na kweli simu inaonyesha 10:00, lakini bibi anayetoa dawa anasoma saa kumi, anampa mgonjwa saa kumi jioni. Dozi ya asubuhi imerukwa, halafu hiyo ya saa kumi inabanana na ya saa kumi na mbili. Mwombe sista aandike kwa maneno: saa nne asubuhi, saa nane mchana. Na ukitega kengele ya simu, tega zote tano siku ileile ya kwanza.

Sasa kipimo, maana hatari yenyewe ya mofini nyumbani iko hapa. Mofini ya maji hutengenezwa kwa nguvu tofauti. Ya kawaida ina mg 5 ndani ya ml 5, yaani mg 1 kwa kila ml. Ipo kali yenye mg 50 ndani ya ml 5 hizohizo, kwa ajili ya wanaotumia dozi kubwa wasinywe chupa nzima. Familia iliyozoea kusikia "kijiko kimoja", ikapewa chupa kali bila mtu kuwaeleza, itampa mgonjwa mara kumi ya dozi yake na haitajua. Usikubali kuondoka dirishani na maelekezo ya kijiko. Dai namba mbili: mg ngapi, na hizo ni ml ngapi za chupa hii. Rangi ikibadilika, rudi ukaulize kabla ya kutoa. Na usilinganishe chupa ya mgonjwa wenu na ya jirani, kwani inawezekana kabisa ml 5 za huyu ni mara kumi ya ml 5 za yule.

Vijiko vya chai vya nyumbani havina mwalimu. Kuna vinavyobeba ml 3 na vinavyobeba 7. Tumia bomba la sindano la ml 5 au 10, bila sindano yake. Tikisa chupa, mimina kiasi kinachokaribia dozi kwenye kikombe safi kikavu. Usichovye bomba ndani ya chupa, kwa sababu ncha iliyoingia mdomoni itaichafua dawa yote. Vuta, liinue bomba wima usawa wa macho, ligonge kwa ukucha mapovu yapande juu, sukuma hewa itoke. Kisha soma kwenye ukingo wa mpira mweusi ulio upande wa dawa. Wengi husoma ukingo wa nyuma, upande wa kidole gumba, na kila dozi inatoka pungufu. Mwinue mgonjwa kwa mito, elekeza ncha ndani ya shavu, sukuma taratibu akimeza. Ni chungu haswa. Maji kidogo au juisi baada yake inasaidia. Suuza bomba kwa maji, liache likauke, na andika kwenye daftari saa na kiasi kabla hujafanya kitu kingine, maana wifi akiingia zamu bila daftari atatoa tena.

Fanya na hesabu ya chupa. Dozi nne za ml 5 mchana na moja ya ml 10 usiku ni ml 30 kwa siku. Chupa ya ml 500 inakaa siku 16. Mgonjwa akihitaji dozi mbili za ziada kila siku inakuwa ml 40, na chupa inaisha siku ya 12. Kwa mtu wa Rombo, mwezi wa nne, barabara imekatika kwa mvua, hizo siku nne ni kitu kikubwa. Funga safari ikiwa imebaki dawa ya siku tano.

Dozi ya ziada ni ipi? Maumivu yakipasua katikati ya dozi mbili za ratiba, kwa mfano wakati wa kuogeshwa au kugeuzwa kitandani, mgonjwa hupewa dozi nyingine sawa na ile ya saa 4, na ya ratiba inayofuata haiondolewi. Kama saa moja imepita na maumivu yako palepale, inaweza kurudiwa. Kila moja iandikwe, kwa sababu ndiyo inayomwambia daktari dozi ya kudumu ipande kiasi gani. Tuseme jana mgonjwa alikunywa mg 30 za ratiba na dozi tatu za ziada za mg 5. Jumla mg 45. Gawa kwa 6, unapata mg 7.5 kila saa 4. Ndivyo inavyopandishwa, kwa hesabu ya alichokihitaji jana, kwa kawaida nyongeza ya theluthi mpaka nusu. Daftari likiwa tupu daktari anabaki kubahatisha, na daktari anayebahatisha kwenye mofini kwa kawaida huogopa na kuacha dozi ileile. Kwa safari ya kuogeshwa, toa dozi ya ziada nusu saa kabla.

Mofini haiziondoi dawa nyingine. Parasetamoli gramu 1 kila saa 6 inaendelea. Maumivu ya mfupa hupungua zaidi ikiongezwa dawa kama diklofenaki, kama figo na tumbo la mgonjwa vinaruhusu. Maumivu ya kuungua au ya kupigwa shoti, yale yanayokimbia kwenye mguu, yanatokana na mishipa ya fahamu, na mofini peke yake huyakosa. Hapo daktari huongeza amitriptilini mg 12.5 au 25 usiku.

Choo. Kama kuna jambo moja linalowafanya wagonjwa waikatae mofini, ni hili, na linazuilika. Utumbo hauzoei, kwa hiyo dawa ya kulainisha choo inaanza siku moja na mofini na inaisha siku moja nayo. Bisakodili mg 5 usiku, ikipanda hadi 10 au 15, ndiyo inayopatikana kirahisi. Sena pia inafaa. Timu za tiba shufaa za ukanda huu zimetumia mbegu za papai kwa miaka: zikaushwe, zisagwe, kijiko cha chai usiku. Maji ya kutosha, ndiyo. Ila kumwambia mtu aliye kitandani ale mboga nyingi huku hana dawa ya choo ni kumwongezea mzigo tumboni. Siku tatu bila choo, ita muuguzi. Na ukiona ghafla anaharisha maji baada ya siku nyingi za kufunga, usikimbilie dawa ya kuzuia kuharisha, kwani mara nyingi ni maji yanayopenya pembeni ya kinyesi kilichokwama.

Kichefuchefu cha wiki ya kwanza kina dawa yake, metoklopramidi mg 10 kabla ya dozi au haloperidoli mg 1.5 usiku, na baada ya wiki mara nyingi inaachwa. Muwasho huja kwa wachache.

Usingizi unahitaji jicho. Siku mbili za kwanza mgonjwa anaweza kulala kama hajawahi kulala, na nyumba nzima inaingiwa na hofu: "Sista, mama haamki, dawa imemzidi." Mara nyingi ni mtu aliyekesha miezi miwili ambaye leo maumivu yamemwachia. Mguse bega, muite jina. Akifungua macho, akajibu, akarudi kulala, na pumzi zake ni 12 au zaidi kwa dakika, mwache alale na umpe dozi kwa wakati wake. Akiamka kwa shida na kusinzia katikati ya sentensi, ruka dozi, kaa naye, piga simu.

Kitu cha kuogopa zaidi ya usingizi wa kwanza ni usingizi unaokuja baadaye, kwa mgonjwa aliyekuwa vizuri wiki nzima kwa dozi ileile. Kitu kimebadilika mwilini. Mara nyingi ni figo. Mofini ikivunjwa na ini hutoa masalia ambayo bado yana nguvu, na figo ndizo huyatoa. Mgonjwa akiacha kunywa, akitapika, au saratani ya shingo ya kizazi ikibana njia ya mkojo, masalia yanajaa. Dalili yake ya mwanzo ni mikono au miguu kuruka yenyewe, na mgonjwa kuona vitu visivyokuwepo. Dozi hupunguzwa na saa hutanuliwa, kila saa 6 au 8 badala ya 4. Jambo la pili ni nafuu. Wanaorudi kutoka kwenye mionzi Ocean Road, hospitali ya saratani ya Dar es Salaam, maumivu yakishapungua, dozi iliyokuwa saizi yao inakuwa kubwa mno, kwa sababu maumivu yenyewe yalikuwa yanawaweka macho. Hapo inashushwa kwa hatua, robo mpaka theluthi kila siku mbili tatu. Haikatwi ghafla. Ikikatwa ghafla mwili uliozoea utatoa kamasi, jasho, kuharisha na maumivu ya viungo, na shangazi atasema si niliwaambia.

Hayo si uraibu. Mwili wa mtu yeyote aliyetumia mofini wiki kadhaa utafanya hivyo, na ukishusha polepole hakuna kinachotokea. Uraibu ni mtu kuitafuta dawa kwa nguvu, kuiba, kudanganya, kuendelea hata inapomharibia maisha, na kwa anayetibiwa maumivu ya saratani kwa saa na kipimo ni nadra. Ile hofu ya kwamba mofini ndiyo dawa ya kumaliza mtu imetokana na kuchelewa: mgonjwa anapewa wiki yake ya mwisho, anafariki wiki hiyo, chupa inabeba lawama. Hata Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa mwaka 1961, ulioziweka dawa hizi chini ya ulinzi mkali duniani kote, unasema mwanzoni kabisa kwamba kwenye tiba hazina mbadala wa kuondoa maumivu na lazima zipatikane.

Ila nisieleweke vibaya. Kwa mgongo wa miaka kumi au magoti ya mzee, mimi si mtetezi wa dawa hizi. Faida inapungua jinsi mwili unavyozoea na madhara yanabaki. Marekani walijaribu njia hiyo kuanzia miaka ya 1990, vidonge vya oksikodoni vikaandikwa kwa kila maumivu, na wanazika watu mpaka leo.

Pombe iachwe, iwe mbege, konyagi au bia. Pombe na mofini zinakandamiza pumzi kwa pamoja. Najua kumwambia mzee wa Uru aache mbege ni kesi nyingine kabisa, lakini asiambiwe kwamba "ile kidogo" haina neno. Daizepamu na dawa nyingine za usingizi ziko kundi hilohilo, zisiongezwe bila daktari kujua.

Kuhusu ndugu zake wa dukani, kwa kifupi. Tramadoli si "panado kali". Kiwango cha juu ni mg 400 kwa siku kwa mtu mzima. Kuzidisha kunaleta degedege, hata kwa kijana mwenye afya anayeimeza ili aendeshe bodaboda usiku kucha. Ikichanganywa na amitriptilini au fluoksetini hatari inaongezeka. Kodeini yenyewe haina nguvu. Ini ndilo huigeuza kuwa mofini, na watu hatulingani. Wengine hawaigeuzi kabisa, hawapati nafuu. Wengine huigeuza haraka kupita kiasi, na dozi ya kawaida ikawazidi. Kwa sababu hiyo mamlaka ya dawa ya Marekani mwaka 2017 ilisema kodeini na tramadoli zisitumike kwa watoto chini ya miaka 12, na ni busara kulifuata hilo. Usimpe mtoto dawa ya kikohozi yenye kodeini. Pethidini ni ya sindano ya muda mfupi. Ikirudiwa siku nyingi masalia yake huleta degedege, kwa hiyo kwa saratani haifai.

Sasa pumzi. Dawa ikizidi, iwe mofini ya nyumbani au heroini, dalili ni zilezile tatu: haamki hata ukimsugua kifua kwa vifundo vya ngumi, mboni ni nukta, pumzi zimepungua. Hesabu dakika nzima kwa saa ya simu, kiganja kikiwa juu ya tumbo. Chini ya 8 ni dharura. Koroma nzito yenye maji kwa mtu asiyeamka ni dharura pia, si usingizi mnono. Kwenye ngozi nyeusi usitafute ubluu usoni. Tazama fizi, ndani ya mdomo na vitanda vya kucha, vitakuwa vya kijivu.

Kinachoua ni kukosa hewa, kwa hiyo kinachookoa ni hewa. Mlaze chali, inua kidevu, ondoa kilichomo mdomoni, bana pua, mpulizie pumzi moja kila sekunde 5, ukiangalia kifua kinapanda. Mwenzako atafute gari. Kama mapigo ya moyo hakuna, kandamiza kifua. Akianza kupumua mwenyewe, mlaze ubavu. Maziwa hayasaidii, yataingia kwenye mapafu. Wala maji ya chumvi, wala ndoo ya maji baridi, wala kumtembeza uani mkiwa mmemshika makwapa.

Hospitali watampa naloksoni, inayoiondoa dawa kwenye vipokezi ndani ya dakika chache. Mg 0.4 kwenye msuli au mshipa, hurudiwa baada ya dakika 2 au 3. Ila inadumu dakika 30 hadi 90 tu. Aliyezinduka akang'ang'ania kuondoka anaweza kuzimika tena njiani, hasa kama alichotumia ni methadoni, inayokaa mwilini zaidi ya siku nzima. Kwa mgonjwa wa saratani naloksoni haipigwi yote kwa mkupuo: ampuli ya mg 0.4 huchanganywa kufikia ml 10, akapewa ml 1 kila dakika 2 mpaka pumzi zirudi. Ukiimaliza yote mara moja, maumivu yote yanarudi kwa dakika moja, na hayashikiki kwa muda.

Kwa anayetumia unga, lile swali la mwili umezoea nini ndilo la kufa na kupona. Arosto, yaani mateso ya mwili uliozoea unapokosa dawa, huanza saa 6 hadi 12 baada ya kete ya mwisho, inafika kilele siku ya pili au ya tatu, inaisha kama wiki. Inatesa sana, ila mtu mzima anayekunywa maji ya kutosha huivuka. Hatari kubwa iko baada ya hapo. Aliyekaa gerezani Karanga au Kisongo, au kwenye nyumba ya upataji nafuu, akatoka safi, pumzi yake imesahau. Akirudia kiasi kilekile alichokuwa anatumia zamani, hicho kinamtosha kufa. Familia inayosherehekea kwamba kijana amemaliza mwezi bila kugusa, ijifunze kupuliza pumzi mwezi huohuo.

Methadoni inayotolewa kutibu uraibu wa heroini inafanya kazi kwa sababu hiyohiyo ya kuzoea: mwili unapewa kiasi kimoja kisichoyumba, mara moja kwa siku, kikinywewa mbele ya mhudumu, na arosto haipati nafasi. Tanzania ilianza mwaka 2011 Muhimbili. Wiki mbili za kwanza ndizo za kuangalia, kwa sababu dozi ya leo inajumlishwa na masalia ya jana na juzi. Anayejihisi haijamtosha siku ya tatu akaongeza kete juu yake anaweza asiamke. Na akianzishiwa dawa za kifua kikuu, mhudumu wa methadoni lazima ajue siku hiyohiyo. Rifampisini inaiharakisha methadoni kutoka mwilini, arosto inarudi, na watu wengi huacha dawa za TB wakidhani ndizo zinazowaumiza, wakati kilichotakiwa ni kupandishiwa methadoni, halafu kushushiwa TB ikiisha.

Chupa ya nyumbani ikae kwenye sanduku la kufuli, gizani; friji si lazima. Watoto wasijue ilipo, na vijana pia. Mgonjwa akifariki, kilichobaki hakimwagwi chooni wala hapewi mama wa jirani mwenye saratani, hata kwa roho nzuri, kwa sababu hujui yeye amezoea nini. Baada ya msiba chupa, daftari na kadi virudishwe kwenye timu iliyovitoa. Watapima kilichobaki mbele yako, wataandika kwenye rejista, nawe utasaini.